Ukurasa Nilioruka Usiku wa Haggis

Haggis, chakula maarufu cha Waskoti, ilikuwa imefika mlangoni pa sebule, juu ya sinia la shaba nililotoka nalo Mombasa, na mume wangu ameibeba kama mtu anayepeleka posa. Nyuma yake kijana wetu wa miaka tisa alikuwa anapiga sufuria kwa mwiko. Zumari za Kiskoti, zile za mfuko, zilikuwa zinatoka kwenye simu yangu kupitia spika iliyo juu ya kabati. Wageni walikuwa wamesimama, wanapiga makofi kufuata mdundo, maana haggis ikiingia hakai mtu.

Mara zumari zikakatika, ukaingia mlio wa simu. Binti yangu, ambaye hajawahi kunipokelea simu hata nikimwomba, siku hiyo akapokea.

“Aloo? Mwanangu? Mbona kelele? Hiyo si nzumari? Muna harusi na mimi sikwambiwa?”

Sauti ya mama ilijaa chumba kizima. Nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia nyama, siwezi kukiweka chini wala kukimbilia simu. Nikampigia kelele kutoka nilipo kwamba hakuna harusi, tunasherehekea siku ya kuzaliwa mshairi wa huku Scotland, alikufa zamani, zaidi ya miaka mia mbili.

Kimya kidogo.

“Mshairi? Afu miaka mia mbili? Hasomewi hitima, apigiwa nzumari? Haya, mwanangu. Leni vyema.”

Nilipowatafsiria wageni, mzee wa ghorofa ya juu alicheka mpaka akashika kiti. Mpaka leo tukikutana ngazini hunisalimia kwa kuuliza mama yangu anasemaje kuhusu nzumari. Hiyo ndiyo hadithi iliyosambaa, na ni hadithi nzuri.

Ila si hiyo inayonirudia usiku. Ni karatasi moja.

## Dhoruba

Sikupanga kuhutubia mtu. Mpango wangu ulikuwa kupika, kupakua na kuosha vyombo.

Ilianza Novemba, ngazini, pale ambapo mambo yote ya jengo letu huanzia. Mzee aliniambia kwamba kila Januari alikuwa akila Burns Supper, karamu ya kumkumbuka mshairi huyo, Robert Burns, kwenye klabu yao, klabu ikafungwa baada ya korona, na tangu hapo tarehe 25 anakula mbele ya televisheni. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa. Mtu akisema neno kama hilo, hujamaliza kumwonea huruma, ulimi ushamkaribisha.

“Basi njoo kwetu,” nikasema.

“Una hakika, hen?”

Hen ni kuku, kwa wasiojua. Wazee wa Glasgow humwita hivyo mwanamke yeyote kwa mapenzi. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilirudi nyumbani nimenuna kwa sababu dereva wa basi kaniita kuku. Sasa ni mwaka wa kumi na moja, na nisipoitwa hen najiuliza nimekosa nini.

Kwa hiyo nikawa mwenyeji wa sherehe ya wenyeji wangu. Zumari na hotuba kuu alijitolea rafiki wa mume wangu, mwalimu wa shule huko Ayr, maili chache tu kutoka kijiji cha Alloway alikozaliwa Robert Burns mwaka 1759. Kumpata mtu wa Ayr ni sawa na kumpata mtu wa Lamu aje kukusomea maulidi. Nikatulia kabisa.

Ijumaa tarehe 24 ikaja dhoruba Éowyn. Mamlaka ya hali ya hewa ikatoa onyo jekundu, shule zikafungwa, treni za Scotland nzima zikasimama. Tulishinda dirishani tukitazama mapipa ya taka yakipita barabarani kama yana safari zao. Jumamosi asubuhi mwalimu akatuma ujumbe: njia yao bado haijafunguliwa. Zumari tumia simu. Hotuba ifanye wewe, umesoma mashairi.

Nimesoma mashairi, kweli. Ya Muyaka, mshairi wetu wa Mombasa wa zamani.

## Mapafu

Niseme machache kuhusu chakula, kwa sababu najua mtaniuliza hapo chini.

Haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, vimesagwa pamoja na kitunguu, shahamu, oti za chenga na pilipili manga, vikajazwa ndani ya tumbo la kondoo mwenyewe. Siku hizi nyingi hujazwa kwenye ngozi ya kutengenezwa kama ya soseji. Wasomaji wangu wa Murang'a msinicheke, najua mna mutura, soseji yenu ya utumbo. Kilichonipa shida ni mapafu. Nyumbani kwetu mapafu yalikuwa riziki ya paka. Marekani wamepiga marufuku kuyala kama chakula tangu 1971, na ndiyo maana haggis ya Scotland yenye mapafu haiingii kwao.

Bucha la halali huku kusini mwa Glasgow wanatengeneza yao, wanaongeza bizari na pilipili kidogo. Nilinunua mbili Alhamisi, siku moja kabla ya dhoruba, na hilo ndilo jambo la busara pekee nililofanya wiki ile. Pia nikachukua moja ya mboga, kwa ajili ya mgeni asiyekula nyama. Iliundwa Edinburgh mwaka 1984 kwa ajili ya ufunguzi wa maktaba ya mashairi. Nimelipenda jambo hilo kuliko nilivyoipenda yenyewe.

Pembeni unaweka neeps, mzizi wa rangi ya chungwa mkubwa kama kichwa cha mtoto, unachemshwa na kupondwa, pamoja na viazi vya kuponda. Mume wangu aliuliza mchuzi uko wapi. Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, kwa upole zaidi, kama mtu anayedhani hakusikika.

Suala la pombe tulilimaliza mapema. Kila hotuba ya usiku huu huishia kwa kunyanyua glasi, na glasi inatakiwa kuwa na wiski. Tulinyanyua ukwaju. Mzee alikuja na chupa yake, akaitazama sura yangu, akaiacha nje ya mlango, kwenye kona ya ngazi. Usiku ule alitoka mara tatu kuangalia hali ya hewa.

## Mkanda na diski

Nilimpa yeye kisu. Nilijua tangu mwanzo kwamba shairi la haggis si langu kusoma.

Ni shairi la 1786, beti nane, na Burns analizungumza moja kwa moja na chakula. Anaisalimu haggis kama mkuu wa ukoo wa pudini zote, anaisifu mpaka makalio, kisha mkulima anafuta kisu na kuipasua, na hapo msomaji naye lazima aipasue kweli. Mzee huyu, dereva wa basi mstaafu, mtu ambaye kwa kawaida humaliza mazungumzo kwa maneno sita, alisimama mbele ya sinia langu akabadilika. Sauti ilishuka, ikajaa kokoto. Mkono mmoja hewani. Kisu kilipoingia, mvuke ukapanda mpaka kwenye miwani yake, na hakuacha hata neno moja. Watoto wangu walibaki midomo wazi. Sijui kama walielewa theluthi, mimi nilielewa nusu.

Nikamuuliza amelijifunzia wapi.

“Shule. Januari.”

Halafu, huku anakula, akaeleza. Kila Januari walimu waliwapanga watoto wakariri Burns, na aliyeshinda alipewa cheti chenye picha ya mshairi. Yeye anavyo viwili. Februari ukimjibu mwalimu kwa maneno yale yale ya Burns, lugha ya nyumbani kwako, unaambiwa ongea vizuri, na ukirudia unaitwa mbele kupigwa mkanda wa ngozi kwenye viganja.

“Mwezi mmoja kwa mwaka tulikuwa na lugha,” alisema.

Nikacheka, kisha nikahisi donge kooni. Shuleni kwetu siku za Kiingereza aliyeropoka Kiswahili alivalishwa diski shingoni, akaivaa mpaka amnase mwingine. Na hata Kiswahili chenyewe hakikutosha. Mwalimu wetu wa insha, mtu wa bara, alinikatia kwa wino mwekundu kila nilipoandika “ndoo hapa” badala ya “njoo”, na “ndia” badala ya “njia”. Nyumbani mama anasema ndoo. Muyaka alisema ndoo. Kwenye karatasi ya mtihani, ndoo ni ya kuchotea maji.

Nilimsimulia mzee. Akanyanyua glasi yake ya ukwaju.

Kama usiku ungeishia hapo nisingeandika makala hii. Ningeweka picha nne na mapishi ya neeps.

## Haggis ilipasuka nikiwa Jamaica

Turudi nyuma saa chache.

Hotuba kuu huitwa Immortal Memory, kumbukumbu isiyokufa. Unasimama baada ya chakula, unaeleza maisha ya Burns na kwa nini bado ana maana, halafu watu wote wanasimama na kunywa kwa heshima yake. Mchana ule niliweka haggis ya kwanza kwenye maji, nikakaa mezani na kalamu, nikaanza kusoma.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Nyumba ya udongo iliyojengwa na baba yake. Baba mkulima wa shamba la kukodi, asiyepata nafuu mpaka anakufa. Kijana anayelima mchana na kuandika usiku. Novemba 1785 jembe lake linavunja kiota cha panya, naye badala ya kuendelea anasimama na kumwomba panya msamaha kwa mashairi. Nikaandika ukurasa wa kwanza bila kunyanyua kalamu. Nilimpenda.

Ukurasa wa pili ni mwaka 1786. Msichana aitwaye Jean Armour ana mimba ya Burns, baba wa msichana hamtaki, sheria inamtafuta, mfuko mtupu. Burns anapata kazi. Ni kazi ya ukarani kwenye shamba karibu na Port Antonio, Jamaica. Shamba la miwa, na miwa ya Jamaica mwaka 1786 ililimwa na watumwa, watu waliotolewa Afrika. Nauli ilikuwa gini tisa, sarafu za dhahabu za wakati ule, akaweka nafasi melini. Ili watu wamkumbuke akishaondoka, akachapisha mashairi yake Kilmarnock, Julai 31, nakala 612. Zikaisha. Meli ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na Novemba akapanda farasi kwenda Edinburgh kuwa mtu mashuhuri.

Hakwenda. Aliokolewa na kitabu.

Unaweza kusema ukarani ni ukarani, kushika daftari. Nilitaka sana kusema hivyo. Lakini mwaka uliofuata alimwandikia barua daktari mmoja aitwaye Moore kumweleza maisha yake, na mle ndani aliitaja kazi ile kwa jina lake halisi: mswaga Waafrika, kama mtu aswagavyo punda. Hakujificha nyuma ya daftari, alijua anachokwenda kufanya.

Nilikuwa nimefika hapo niliposikia mlio jikoni. Maji yaliyotakiwa kutokota taratibu yalikuwa yanachemka kwa hasira, na haggis ilikuwa imepasuka kutoka ncha hadi ncha. Sufuria nzima uji wa mapafu. Ndiyo maana sinia lilibeba moja.

Nilifagia, nikaweka ya pili, nikarudi mezani na kuandika ukurasa ule wote, mpaka barua. Kisha nikakumbuka orodha ya wageni.

## Mwenzangu wa zamu

Mmoja wa wageni ni mwenzangu wa zamu hospitali. Amezaliwa Birmingham, wazazi wake wa Jamaica. Jina lake la ukoo ni la Kiskoti kuliko la mzee wa juu, na akiulizwa na wagonjwa amelipataje huwa anajibu, “Mlitupatia nyinyi.” Anasema kwa tabasamu. Mgonjwa hucheka, kisha dakika moja baadaye unaona uso umeacha kucheka.

Nilimwalika kwa sababu ni rafiki, tunakula pamoja saa nane za usiku. Sikuwa nimefikiria zaidi ya hapo.

Baada ya sahani kuondolewa nikasimama na karatasi zangu tatu. Nikasoma wa kwanza. Panya alipendwa na kila mtu. Nikafika chini, nikanyanyua macho.

Mzee alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa polepole, kama wazee wa kwetu wakisikiliza kasida. Kulia kwake mwenzangu ameweka uma chini, ananitazama. Ananitazama tu, ametulia.

Nikafunua karatasi mbili kwa pamoja.

“Mwaka 1786 akachapisha kitabu chake cha kwanza,” nikasema, “na kabla ya mwaka kwisha alikuwa Edinburgh.”

Sentensi moja, ikavuka bahari kwenda na kurudi.

Hakuna aliyeshtuka. Nikaendelea na nyimbo, kazi ya ushuru, kifo chake Dumfries mwaka 1796 akiwa na miaka 37. Nikasema marafiki tisa walikutana Alloway miaka mitano baada ya kifo, wakala haggis na kichwa cha kondoo, na ndiyo tangu hapo. Glasi zikapanda. Mume wangu akatoa hotuba ya kuwasifu wanawake, mwenzangu akaijibu kwa niaba yetu na kumchana vipande, kwa haki kabisa. Mzee akaimba ule wimbo wa 1795 usemao mtu ni mtu, cheo ni mhuri tu kwenye sarafu, uleule ulioimbwa bunge la Scotland lilipofunguliwa 1999. Anaimba kwa sauti iliyopasuka na hajali. Mwishoni tukashikana mikono kwa Auld Lang Syne, sisi tukapishanisha mikono tangu ubeti wa kwanza, mzee akatusimamisha: mikono hupishanishwa ubeti wa mwisho, tusimtie aibu kwenye nyumba yetu wenyewe.

Mlangoni mwenzangu alikuwa anavaa koti. Nilimfungia kijaluba cha haggis iliyobaki.

“Hotuba nzuri, dada,” alisema. “Ila Jamaica umeipitia juu kwa juu.”

Sikujua niseme nini. Nikasema nilichodhani ni kweli: “Sikutaka kukukera, umekuja kula.”

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

“Mimi? Mimi nimekuja nikijua. Nimekaa nasubiri tangu supu.”

Akanibusu shavuni, akashuka ngazi.

## Nilikuwa namficha nani

Wiki ya kwanza nilijitetea. Mgeni hachafuliwi meza. Hii ilikuwa sherehe, si mahakama. Tena mimi ni nani, mtu wa kuja, nisimame sebuleni kwangu nimkosoe mshairi wao mbele ya mzee aliyenyimwa meza miaka kadhaa?

Wiki ya pili utetezi ulianza kuvuja. Basi langu la kutoka mjini hupita Jamaica Street kabla ya kuvuka mto. Nimepita pale mara elfu nikiangalia simu. Mtaa umeitwa hivyo kwa sababu ya biashara ya sukari, na halmashauri ya jiji yenyewe iliomba radhi hadharani mwaka 2022 kwa jinsi Glasgow ilivyonufaika na utumwa. Jiji limesimama na kusema. Mimi nimeshindwa kusema mbele ya watu sita na bakuli la viazi.

Halafu nikamuuliza mzee. Ngazini, bila shaka. Nikamwambia kulikuwa na ukurasa sikusoma, nikamweleza ulisema nini.

Hakukasirika, ila alikunja uso, akahamisha mfuko wa ununuzi kutoka mkono huu kwenda ule.

“Hakwenda, hen.”

“Lakini aliweka nafasi.”

“Alikuwa na njaa. Ana mtoto njiani, baba mkwe anamtafuta.”

“Ndiyo.”

“Na hakwenda.”

Yote ni kweli. Tulisimama pale na kweli zetu, mwanga wa ngazi ukajizima wenyewe, tukabaki gizani mpaka mmoja wetu alipoinua mkono. Nilitaka kumwambia pia kuhusu wimbo wa 1792 wa mtumwa anayelilia Senegal, ambao huhesabiwa kuwa wa Burns, ili kumpoza. Nikajiona nafanya lile lile tena, natafuta kitu cha kufunika. Nikanyamaza.

Kwa hiyo si mwenzangu niliyekuwa namlinda, na mzee naye, kama mnavyoona, anajitosha. Nilikuwa nalinda usiku wangu. Nilitaka uishe vizuri, watu waseme mama fulani ni mkarimu.

## Kengeleni

Na ustadi ule wa kufunua kurasa mbili kwa pamoja sikuupata Glasgow.

Nilisoma sekondari ng'ambo ya Nyali. Kila asubuhi matatu ilisimama Kengeleni, kondakta akiita “Kengeleni, Kengeleni”, nami sikuwahi kujiuliza kengele gani. Ni kengele ya Freretown, kijiji walichowekwa watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa miaka ya 1870. Ililizwa kuwaonya wakati wawindaji wa watu walipokaribia. Nyumbani bibi yangu akitaja familia fulani za huko alishusha sauti, kama mtu anayepita penye maiti.

Kuna picha kwa mama, ya babu wa babu yangu ameketi kwenye kiti cha mikono, kanzu na joho. Nyuma ya kiti amesimama mwanamke, uso umekatika nusu na ukingo wa picha. Niliwahi kuuliza ni nani, nikiwa na miaka kumi hivi.

“Mtu wa nyumbani,” nikajibiwa.

Utumwa ulifutwa kisheria kwenye pwani yetu mwaka 1907. Sijui picha ni ya mwaka gani. Sikuuliza tena, na hakuna aliyenikataza. Ndivyo inavyofanya kazi: hukatazwi, unaletewa halua.

Muyaka bin Haji alikuwa mtoto wa miaka kama kumi Mombasa wakati Burns anatafuta gini tisa. Alikuja kuusifu mji wetu na kuupigania kwa mashairi tunayoyakariri hadi leo, na mji ule ulikuwa na watumwa kama ulivyokuwa na minazi. Nimehudhuria usiku wa mashairi zaidi ya hesabu, huko na huku ughaibuni. Sijawahi kumsikia mtu akilisema hilo baada ya biriani. Mimi mwenyewe nimesimama na kumsoma Muyaka mara nne, mbili kati ya hizo kwa kipaza sauti.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama. Tukaongea bei za maandalizi ya Ramadhani, maana Shaabani ndiyo hiyo inakwisha, tukaongea magoti yake. Nikamuuliza kuhusu mwanamke wa kwenye picha.

Akanyamaza kuliko alivyonyamaza ile siku ya nzumari.

“Yuwaitwa Mashavu,” akasema. “Kwani huko muna sherehe tena?”

Miaka yote hii jina lilikuwepo. Sikuuliza la ziada, naye akarudi kwenye magoti.

## Mwakani

Ukurasa wa pili uko kwenye friji, nimeubana kwa sumaku chini ya ratiba ya shule. Mwenzangu ameuona alipokuja kuchukua kijaluba cha pili. Haggis iliyobaki niliijaza kwenye sambusa, na nasema bila haya kwamba ni bora kuliko pakora ya haggis inayouzwa mjini. Akausoma amesimama, mdomo umejaa.

“Mwakani Immortal Memory ni yangu,” akasema.

Nikamwambia sawa. Hatukujadili.

Juzi nikakutana na mzee anapandisha maziwa na gazeti. Akauliza mama yangu anasemaje kuhusu nzumari, nikamjibu. Kisha nikamwambia mwakani atakayehutubia ni nani.

Alisimama kwenye ngazi ya tatu. Aliufikiria muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

“Atachukua dakika ngapi?”

“Kawaida si kumi na tano?”

“Ishirini, akiwa na la kusema.”

Akapanda ngazi mbili zaidi, akageuka, akaniuliza kama haggis itakuwa ile ile ya pilipili.